Mtoko wa Wazee Moshi: Namna ya Kupanga Siku Moja ya Kuutembelea Mji Wako Mwenyewe

Kaka yangu ana miaka 74 na anakaa Pasua. Kwa muda mrefu safari zake zilikuwa za aina tatu tu: kanisani, msibani na kliniki. Siku moja nilimuuliza, "Kaka, mara ya mwisho kutoka nyumbani bila kuitwa na mtu ilikuwa lini?" Akakaa kimya, akalisugua goti lake, akasema, "Sikumbuki, mwalimu." Ananiita mwalimu tangu nilipomaliza chuo, na hajaacha hata sasa nimestaafu.

Ndipo tulipoanza. Tukakubaliana kwamba kila mwezi kutakuwa na siku moja ya mtoko: mimi, yeye, na shoga yangu, rafiki wa kike niliyekaa naye dawati moja darasa la kwanza. Hatuendi mbali. Tunautembelea mji huuhuu tuliozaliwa, ambao tulikuwa tumeanza kuupita bila kuutazama. Tulikosea mara nyingi mwanzoni, tukajifunza. Yaliyotufaa nayaandika hapa kwa wenzangu wa rika letu, na kwa watoto wenu wanaotaka kuwatoa wazazi lakini hawajui waanzie wapi.

Hatua ya kwanza: tafuta mtu kabla ya kutafuta mahali

Wengi huanza na swali la "twende wapi?" Matokeo yake mzee anajikuta amepelekwa mahali pazuri ambapo hana kumbukumbu napo hata moja. Anasifia kwa adabu, anapigwa picha, anarudishwa nyumbani amechoka. Wewe anza na swali jingine: nani anakumbuka pamoja nami?

Mimi na shoga yangu tukisimama mtaa wa Chagga, mimi nasema fundi cherehani aliyetushonea sare za shule alikaa upande wa kulia ukitokea sokoni. Yeye anasema kushoto. Tumebishana juu ya fundi yule mara tatu na hatujapatana. Ubishi huo ndio raha yenyewe ya mtoko. Nikienda na mjukuu peke yake, nasimulia mimi tu, naye ananisikiliza kwa heshima huku kidole kiko kwenye simu. Simlaumu. Hakuwepo.

Kwa hiyo mtafute mtu wa miaka yako. Kama ulisimama foleni ya sukari kwenye duka la RTC, kampuni ya biashara ya mkoa, mtafute mwingine aliyesimama. Kama nyumbani kwenu mlikuwa mkingoja baba atoke zamu kiwanda cha magunia au cha viberiti, yupo mtoto mwingine wa kiwanda hicho ambaye leo ana mvi na anakaa Njoro au Majengo. Muulizie kanisani baada ya ibada ya kwanza, muulizie msikitini, muulizie kwa kinyozi wa zamani. Watu wa Moshi wanajuana zaidi ya tunavyodhani.

Mwe wawili au watatu. Wanne ni mwisho. Mkizidi hapo mtoko unageuka kikao, na kikao hakikosi mwenye kuleta ajenda ya michango.

Tena mwalike kwa mdomo, uso kwa uso. Mzee ukimwambia "nataka nikutoe," anaona anakuwa mzigo, atakujibu "siku nyingine." Mwambie, "Nisaidie kukumbuka, peke yangu nasahau." Kaka yangu alikataa mialiko miwili ya kutolewa. Wa kunisaidia kukumbuka aliukubali palepale, akauliza avae viatu gani.

Hatua ya pili: fuata saa za mlima

Huku kwetu siku hupangwa na Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro. Mlima wa mita 5,895 una tabia zake, na mtu wa Moshi anazijua hata kama hajawahi kuzisema. Alfajiri hadi saa 3 au saa 4 asubuhi mara nyingi uko wazi. Kisha mawingu yanapanda, unajifunika mchana kutwa, na ukijaliwa unafunuka tena saa 11 jioni. Kwa hiyo ondokeni nyumbani saa 1 na nusu asubuhi. Mkichelewa hadi saa 5 mtakuwa mmekosa mlima, na jua la Moshi litakuwa limeanza kuuma.

Januari na Februari ndiyo miezi ninayoipenda. Mvua za vuli zimepita, anga ni safi, theluji inaonekana vizuri kwa jicho la mzee. Masika ya Machi hadi Mei yana utelezi, na mzee akianguka ni habari nyingine kabisa. Juni hadi Agosti kuna baridi, na mlima unaweza kujificha siku nyingi mfululizo, ingawa kwa mtoko wa mjini miezi hiyo si mibaya ukiwa na sweta.

Mwisho wa Desemba sipangi mtoko. Siku zile watoto wetu wanarudi kutoka Dar na kwingineko "kuhesabiwa," kama tunavyosema, na mji unajaa magari hadi mzunguko wa YMCA hausogei. Ni siku za familia, za migombani, za ndafu na mbege. Ni nzuri sana, lakini hazina utulivu wa kukumbuka kitu. Chagua Jumanne au Jumatano ya wiki ya kawaida isiyo na kliniki wala sikukuu.

Hatua ya tatu: choo, goti na vidonge

Hapa nitasema wazi, kwa sababu kuona haya kumewafungia wengi ndani.

Wengi wetu tunameza dawa za presha, na baadhi ya dawa hizo zinakojoza. Aliyemeza saa 12 asubuhi atatafuta choo mara kadhaa kabla ya adhuhuri. Najua wazee wanaokataa kutoka kwa sababu hiyo moja tu, na hawawezi kumwambia mkwe wala mjukuu. Usiruke dozi kwa sababu ya mtoko. Siku ya kliniki muulize daktari kama siku ya kutembea unaweza kumeza ukirudi nyumbani. Kaka aliuliza, akapewa utaratibu wake, na tangu hapo hana wasiwasi. Wako unaweza kuwa tofauti, ndiyo maana lazima uulize mwenyewe.

Halafu tafuta vyoo mapema. Siku moja kabla ya mtoko wetu wa kwanza nilizunguka mjini peke yangu na daftari, nikaandika kila choo tunachoweza kukitumia, na mbele yake kama ni cha kukaa au cha kuchuchumaa. Goti la kaka halichuchumai. Kanuni yangu ni kwamba kutoka choo kimoja hadi kingine pasizidi mwendo wa dakika 20 wa mtu wa mkongojo. Chukua karatasi zako mwenyewe na sarafu kwa ajili ya vyoo vya kulipia.

Mwenye sukari ale kwa saa yake ileile ya nyumbani, asingoje wengine wasikie njaa.

Sasa goti. Wakati mmoja ndugu zetu wa ukoo, kwa nia njema kabisa, walituandalia safari ya maporomoko ya maji na kijana wa kutuongoza. Tukaambiwa ni mwendo wa dakika 20. Ilichukua zaidi ya saa nzima, kwenye mteremko wa udongo mwekundu uliolowa, na kaka alishuka kinyumenyume ameshika mizizi ya miti huku mimi nikimshika mkanda. Alilala kitandani siku nne. Tangu siku hiyo mtu akinitajia dakika namuuliza: dakika zako au zangu? Uliza hivyo bila aibu. Na kaeni chini mnapojisikia bado mna nguvu, msingoje zilizobaki ziishe.

Hatua ya nne: kapu

Nabeba kapu la ukindu, ila mfuko wowote wenye mpini mpana unafaa. Ndani ya kapu langu kuna chupa ya chai ya tangawizi, maji lita moja kwa kila mtu, ndizi mbivu, karanga zilizosagwa nusu kwa ajili ya meno yetu, kanga mbili, mwavuli, miwani, dawa, kadi ya bima na karatasi yenye namba za simu zilizoandikwa kwa herufi kubwa. Simu huisha chaji, karatasi haiishi.

Chupa ya chai ina siri yake. Mama yangu alikuwa akimtengenezea baba ya kwenda nayo zamu ya usiku, na ninafuata vilevile. Unachemsha maji, unaijaza chupa, unaifunga, unaiacha dakika tano ili kioo cha ndani kishike moto. Unamwaga. Ndipo unatia chai iliyokuwa inatokota jikoni, hadi shingoni, bila kuacha nafasi ya hewa. Chai iliyotiwa kwenye chupa baridi saa 1 inakuwa vuguvugu kufika saa 4. Hii hata saa 8 inaunguza ulimi. Sukari weka pembeni, kila mtu na kipimo chake.

Na kitu kimoja ambacho wengi hawakifikirii: chukua picha ya zamani, moja tu, iliyochapishwa. Ya harusi, ya shule, ya baba akiwa kazini. Ile ya studio yenye pazia lililochorwa nyuma ndiyo bora. Usimwonyeshe mtu mkiwa nyumbani. Itoe mkifika pale inapohusika.

Hatua ya tano: mzunguko wa mjini

Huu ndio mtoko wa kwanza ninaomshauri kila mtu. Unaanza asubuhi, unaisha kabla ya saa 7 mchana, na hakuna mahali utakapokosa bajaji ya kukurudisha ukichoka.

*Anzeni stesheni ya reli.* Najua kwangu kuna upendeleo, maana sisi ni watoto wa kota za reli. Baba alikuwa akibadilisha njia za treni, na blanketi lililotulea lilikuwa na herufi za EAR&H, Reli na Bandari za Afrika Mashariki, kwenye pindo. Hata usipokuwa wa reli, mji ulipo leo uko hapa kwa sababu ya stesheni hiyo. Reli ya Wajerumani kutoka Tanga ilifika mwaka 1911, na mji mpya ukaota kuizunguka. Tulipokuwa wadogo tuliamini kabisa kwamba Moshi imeitwa hivyo kwa ajili ya moshi wa garimoshi. Kumbe jina lilikuwepo kabla ya reli, kule juu Old Moshi, enzi za Mangi, yaani mtawala wa Kichagga, Rindi na mwanawe Meli. Baba ndiye aliyetusahihisha, tukakataa kumwamini.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 reli ikagawanywa, na baadaye treni ya abiria ikaacha kabisa kuja kwa zaidi ya miaka 20. Nyasi ziliota katikati ya mataruma. Iliporudi kutoka Dar, Desemba 2019, kaka aliisikia honi akiwa kitandani Pasua, akanipigia simu: "Umeisikia?" Hakwenda kuiona. Hakuna aliyemwambia twende.

Kwa hiyo mtoko wetu wa kwanza ulikuwa huko. Mlinzi kijana alitusalimu, "Shikamooni." Nikamjibu, "Marahaba baba. Sisi tumezaliwa hapo kwenye kota, tunaomba kukaa kidogo." Akatuletea viti viwili na benchi. Hivyo ndivyo inavyotakiwa: jitambulishe, eleza ulikotoka, omba. Usianze kupiga picha kabla ya kuruhusiwa, hiyo ni mali ya umma. Siku ile haikuwa ya treni. Ratiba inabadilika, kwa hiyo ukitaka kuiona yenyewe, ulizia stesheni siku moja kabla.

Kaka alikaa muda. Kisha akamwomba ruhusa yule kijana, akasogea ukingoni, akashusha mkongojo akagonga chuma cha reli mara mbili, ti, ti, akainamisha kichwa. Tulipokuwa watoto tulilaza sikio kwenye reli kusikia kama treni iko njiani, na baba alitupiga kwa ajili hiyo. Nilitoa picha ya baba kwenye kapu wakati ule. Kaka akaishika karibu na macho, akaniambia jina la mtu aliyesimama kushoto kwa baba, jina ambalo familia nzima ilikuwa imelisahau. Miaka 50 picha hiyo ilikuwa ukutani nyumbani na hakuna aliyewahi kulitaja.

Kaeni stesheni saa nzima kama mnataka. Hakuna haraka.

*Kisha Mnara wa Saa.* Ni karibu, lakini mwenye goti apande bajaji. Hapo mtaona mji wote ukipita, na mtaona ulivyo safi. Moshi imeshinda mashindano ya usafi ya kitaifa mara kadhaa, na ninapomwona kijana akishika ganda la muwa mkononi hadi apate pipa, moyo wangu unafurahi kama ni mwanafunzi wangu. Dakika chache zinatosha, kivuli ni haba.

*Halafu kahawa ya ushirika.* Wakulima wa Kilimanjaro walianza chama chao mwaka 1925, kikawa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, mwaka 1933, na hadi leo KNCU wana mgahawa wao hapa mjini, Union Café. Kikombe ni ghali kuliko cha kijiweni. Lipa hata mara moja kwa mwaka. Shoga yangu ni wa Uru kwa asili, na ada yake ya shule ilitoka kwenye kahawa: malipo ya kwanza yalikuwa ya madeni, malipo ya pili yalikuwa ya daftari na viatu. Baba yake alipalilia, alichuma, alikoboa na kuianika kahawa maisha yake yote, naye akinywa chai. Wengi wa wazee wetu waliishi hivyo. Kahawa ilikuja na wamisionari wa Kilema mwishoni mwa karne ya 19, ikasomesha mlima mzima, na walioilima hawakuijua ladha yake. Shoga alipoletewa kikombe alikinusa kwanza, akasema, "Harufu hii ni ya mfuko wa baba." Kisha akanywa polepole hadi kikaisha. Mwenye presha au tumbo linalosumbua aombe nyepesi, na achanganye na maziwa.

*Malizieni sokoni kwa mtori.* Ingieni Soko la Kati kabla ya saa 6, msongamano haujaanza. Kwa mama ntilie mtori upo tangu asubuhi: ndizi mshare na nyama vimechemshwa hadi vikalegea, vikapondwa, vikawa laini vya kunyweka. Hauhitaji meno na haulemei tumbo. Ukae kwenye benchi la ukutani ili upate pa kuegemea. Muulize mama ametia nini, maana wapo wanaozidisha chumvi, na mwombe wa mzee autoe kabla ya kuongeza chumvi ya mwisho. Nimeomba hivyo mara nyingi na sijawahi kukataliwa.

Kutoka hapo, nyumbani kulala.

Hatua ya sita: mkishazoea, tokeni nje ya mji kidogo

Mabogini ndiko ninakopenda kuliko kote. Ni kusini mwa mji, tambarare tupu, mashamba ya mpunga yaliyopata mifereji ya mradi wa umwagiliaji wa miaka ya 1980. Mjini mlima unauona vipandevipande, katikati ya paa na nguzo za umeme. Mabogini unageuka nyuma, na wote umesimama mbele yako, Kibo kushoto na Mawenzi, kilele cha pili, kulia, mji ukiwa mstari mwembamba chini yake. Kama maji yako mashambani na upepo umetulia, unauona mara mbili. Chukueni bajaji ya kukodi kwenda na kurudi, dereva awangoje, mkae kwenye tuta pembeni ya mfereji na chupa ya chai. Hapo ndipo pa kumleta mjukuu na kumsimulia jinsi Mawenzi alivyokuwa akizimikiwa moto na kwenda kuomba makaa kwa Kibo, akaomba tena, akaomba tena, hadi Kibo akakasirika na kumpiga kwa mchi, na ndiyo maana uso wake umechongokachongoka. Kisa hicho kinahitaji mlima uwe mbele ya macho.

Msitu wa Rau ni wa kivuli na ndege, karibu kabisa na mji, na njia zake ni tambarare. Nendeni na mwenyeji, mvae viatu vilivyofunika, mrudi mapema. Marangu, kupitia Himo, kuna baridi nzuri na migomba, lakini kwenye maporomoko kuna ngazi. Mwenye goti akae juu na chai, asikie maji tu.

Old Moshi nendeni kwa sababu nyingine. Huko Tsuduni ndiko Wajerumani walikomnyonga Mangi Meli na wenzake tarehe 2 Machi 1900, na familia yake imekuwa ikilitafuta fuvu lake, linaloaminika kupelekwa Ujerumani. Barabara inapanda, kodini gari imara badala ya bajaji. Mkifika, salimianeni na wenyeji kwanza. Neno moja la Kichagga, "shimbonyi" ya kusalimia na "aika" ya kushukuru, linafungua milango zaidi ya kiingilio. Sisi watoto wa mjini tulikua tukijiona Wamoshi halisi, na mimi nilihitaji kufika miaka 60 na kitu ndipo nikasimama mahali jina letu lilikotoka.

Kwa watoto mlio mbali

Msitume gari lenye vioo vyeusi na ratiba ya sehemu sita. Mtumieni mama pesa na umwambie ni ya mtoko, utaje neno hilo, la sivyo ataiweka kwa ajili ya mbolea au mchango wa msiba. Sisi tunatenga shilingi 25,000 kila mtu kwa mzunguko wa mjini, na mara nyingi chenji inabaki. Mtafutieni dereva mmoja wa bajaji mwenye subira, awe huyohuyo kila mwezi, ajue goti la mzee ni la upande gani. Wetu anasimamisha bajaji karibu na ukingo wa barabara ili kaka ashuke bila kuruka. Kwa hilo tu anastahili tunachomlipa.

Na mkipiga simu jioni, msiulize "mmefurahi?" Ulizeni "mmebishania nini?"

Hatua ya mwisho: daftari

Mkirudi, kabla ya kulala, andika majina. Watu waliotajwa, maduka yaliyokuwepo, nani alisema kulia na nani alisema kushoto. Ukurasa mmoja unatosha. Andika na tarehe ya mtoko unaofuata papo hapo, maana tarehe isiyoandikwa siku hiyo hufa.

Utafika wakati mmoja wenu hawezi tena kutoka. Shoga yangu alivunjika nyonga mwaka jana, na sasa safari yake ndefu ni kutoka kitandani hadi barazani. Sikuufuta mtoko. Tunaugeuza. Mimi na kaka tunakwenda sokoni asubuhi na hotipoti iliyopashwa kwa maji ya moto, ileile mbinu ya chupa, tunachukua mtori, tunaizungushia taulo nene, na ukifika kwake bado unatoa mvuke. Tunabeba na pakiti ndogo ya kahawa iliyosagwa, tunaifungua karibu na pua yake kabla ya maneno yoyote. Ukifanya hivi, kaa upande wa sikio linalosikia vizuri, na usizidishe saa moja na nusu.

Mwezi uliopita nilipita mtaa wa Chagga, nikamwomba kijana wa duka la simu anipige picha nikiwa nimesimama upande wa kulia, pale ninapojua fundi cherehani alikaa. Niliichapisha kubwa, nikampelekea. Shoga akavaa miwani, akaitazama muda mrefu, akaigeuza kwenye mwanga wa mlango.

"Umependeza," akasema. "Lakini umesimama upande usio wake."